Uwanja Ukijengwa, Bei ya Nyumba Inapanda kwa Faida ya Nani?



Jumapili moja, baada ya mkutano wenu, nilibaki nikisikiliza mazungumzo ya vijana watatu chini ya mwembe. Walikuwa wakizungumza juu ya Kombe la Mataifa ya Afrika la mwaka 2027, ambalo jirani zetu wa Kenya, Uganda na Tanzania wamekubaliwa kuliandaa kwa pamoja. Mmoja akasema: "Laiti lingekuja kwetu! Parseli ya baba ingepanda bei mara mbili." Msichana aliyekaa kando yake akauliza kwa sauti ya chini: "Na sisi tunaopanga, tungehamia wapi?" Hakuna aliyemjibu. Nimeona ni haki swali lake lipate jibu, na ndiyo sababu ya kuandika maneno haya.

Tuanze na kijana wa kwanza. Je, ni kweli kwamba michezo mikubwa hupandisha bei ya nyumba? Ni kweli, lakini kwa kiasi kidogo kuliko watu wanavyodhani. Nitachukua mfano wa jiji la London, kwa kuwa huko kila nyumba inayouzwa huandikwa, na kilichoandikwa kinaweza kupimwa.

Tarehe 6 Julai 2005, London ilichaguliwa kuandaa Michezo ya Olimpiki ya mwaka 2012. Uwanja mkuu ulipangwa kujengwa Stratford, mashariki mwa jiji, sehemu iliyojulikana kwa viwanda na kwa wakazi wenye kipato kidogo. Mtaalamu mmoja, Georgios Kavetsos, alilinganisha bei za nyumba kabla ya tangazo hilo na baada yake, katika wilaya zilizopokea michezo na katika wilaya nyingine za jiji. Matokeo yake, yaliyochapishwa mwaka 2012, yalionyesha kwamba katika wilaya zilizopokea michezo bei zilizidi kwa asilimia kati ya 2.1 na 3.3. Kwa nyumba zilizokuwa ndani ya maili 3, yaani karibu kilometa 5 kutoka uwanja mkuu, zilizidi kwa asilimia 5.

Zingatieni mambo mawili. Kwanza, ongezeko hilo lilifuata tangazo, kabla ya uwanja kusimama. Mnunuzi hakununua uwanja, alinunua tumaini. Pili, asilimia 5 si mara mbili. Nyumba ya paundi 100,000 ilifikia 105,000. Ni fedha, lakini si utajiri aliouota kijana wetu chini ya mwembe.

Mbona basi watu husimulia kwamba bei ziliruka sana? Kwa sababu michezo haiji peke yake. Reli mpya ya chini ya ardhi ilikuwa imefika Stratford tangu mwaka 1999. Mpango wa kujenga mji mpya mahali hapo ulikuwa umekwisha kuanzwa kabla ya London kuchaguliwa. Tena, katika miaka hiyo bei za nyumba zilipanda karibu kila upande wa jiji. Vivyo hivyo Barcelona: ilichaguliwa Oktoba 1986, na hadi michezo ya mwaka 1992 bei za nyumba zilikuwa zimepanda zaidi ya mara mbili. Lakini mwaka huohuo wa 1986 Hispania iliingia katika Jumuiya ya Ulaya, na bei zilipanda hata katika miji yake isiyokuwa na Olimpiki. Anayesema kwamba michezo ndiyo iliyofanya yote hayo anafanana na mtu anayedhani kwamba jogoo asipowika hakutakucha.

Sasa tumgeukie yule msichana. Mtu anaweza kusema: kama ongezeko ni dogo, basi mpangaji hana la kuogopa. Sikubaliani naye. Mpangaji haondolewi na bei peke yake. Huondolewa pia na ardhi anayoikalia pale inapohitajiwa na wakubwa. Mahali palipotengwa kwa ajili ya michezo, huko Stratford, palikuwa na nyumba za ushirika zilizoitwa Clays Lane. Zaidi ya wakazi 400 walihamishwa, na mwaka 2007 nyumba zao zikabomolewa. Hao hawakungoja asilimia 5.

Na baada ya sherehe? Mwaka 2013, vijana wa kike 29, wengi wao wakiwa na watoto wachanga, walipewa barua ya kuondoka katika hosteli yao hapohapo Stratford. Manispaa ilikuwa imeondoa fedha zilizoitegemeza hosteli hiyo. Walipoomba makao, walitajiwa miji ya mbali kama Manchester, safari ya zaidi ya kilometa 250, kwa kuwa kodi za London zilikuwa zimewazidi. Siwezi kusema kwamba Olimpiki ndiyo iliyowaandikia barua. Nasema tu kwamba mwaka mmoja baada ya dunia nzima kushangilia mtaani kwao, wao hawakupata chumba ndani yake.

Lakini kijiji cha wanamichezo hakikugeuzwa kuwa makao? Kiligeuzwa: nyumba 2,818, na karibu nusu yake zikaitwa za bei nafuu. Hapa nawaomba mtumie hesabu mliyofundishwa shuleni. Tangu mwaka 2011, sheria ya Uingereza imeruhusu kodi inayoitwa nafuu kufikia asilimia 80 ya kodi ya soko. Soko likidai 1,000, nafuu ni 800. Soko likipanda hadi 1,500, nafuu inakuwa 1,200. Neno halijabadilika, lakini mshahara wa mpangaji haukupanda pamoja nalo. Nafuu iliyofungwa kwenye soko huondoka pamoja na soko.

Kuna watu walioliona jambo hilo mapema. Mashariki mwa London palikuwa na umoja wa parokia, misikiti, shule na vyama vya wafanyakazi, uitwao TELCO. Mwaka 2004, kabla ya jiji kuchaguliwa, umoja huo ulikutana na viongozi waliokuwa wakiomba Olimpiki, ukapata ahadi zao: mshahara unaotosha kuishi, na nyumba zitakazojengwa juu ya ardhi ya jamii, ambazo bei yake ingefuata kipato cha wakazi. Ahadi hiyo ya nyumba ilitimia kwa kuchelewa na kwa sehemu ndogo. Mwaka 2017 zilipatikana nyumba 23 tu, tena si katika eneo la michezo bali Mile End, kilometa chache kutoka hapo. Lakini nyumba yenye chumba kimoja cha kulala iliuzwa kwa paundi 130,000, chini ya nusu ya bei ya soko, na mwenye nayo akitaka kuiuza atafuata kipimo kilekile cha mishahara. Nyumba 23 ni chache mno. Hata hivyo, zinaonyesha kwamba bei si mvua, ishuke itakavyo. Watu wakikubaliana mapema, huweza kuifunga kamba.

Na wewe kijana wa parseli, usidhani nimekusahau. Bei ikipanda, baba yako atapata faida siku atakapouza na kuondoka. Akibaki, atakula nini katika ongezeko hilo? Na wewe utakapooa na kutafuta kiwanja karibu naye, utakilipa kwa bei hiyohiyo uliyoifurahia.

Kwa hiyo, siku mtakapoletewa habari ya uwanja mpya, shangilieni, maana mchezo ni jambo jema. Lakini kabla ya jiwe la kwanza kuwekwa, ulizeni ardhi hiyo ni ya nani na hati ziko kwa nani. Ulizeni waliopanga hapo watapelekwa wapi, na lini. Mkiahidiwa nyumba za bei nafuu, ulizeni kama nafuu hiyo imepimwa kwa soko au kwa mshahara wa mwalimu, wa muuza samaki, wa dereva wa taksi. Majibu yaandikwe na kutiwa sahihi, kwa maana mali bila daftari hupotea bila habari.

Msichana yule aliuliza kwa sauti ya chini. Ninawaomba mlirudie swali lake kwa sauti ya juu, wakati bado kuna nafasi ya kujibiwa.