Mtoto Aliyefariki Kabla ya Maji



Yako maswali ya dini yanayoulizwa kanisani yakaishia huko huko, na yako mengine yanayofuatana na watu hadi nyumbani. Juma hili nimeletewa swali la namna hiyo kutoka Mikumi.

Kijana mmoja, mfanyakazi, alikuwa akimrudisha mkewe mjamzito kutoka Kilosa, alikokwenda kumsalimu mama yake. Miezi ilikuwa haijatimia. Walipokaribia kijiji cha Ulaya uchungu ukamshika, akajifungua garini. Mtoto alilia mara moja, akapumua dakika chache, akafariki. Jamaa hii ni ya Kikatoliki. Hata matanga hayajaanuliwa, mama mkwe akasema mbele ya wageni kwamba mjukuu wake hatauona uso wa Mungu kwa uzembe wa mamaye. Maana maji yalikuwamo garini, wala hakubatizwa. Tangu siku hiyo mkwe na mkaza mwana hawasemezani. Kijana anauliza: je, pasipo ubatizo hakuna wokovu?

Mimi si padre wala mchungaji, na ukurasa huu si mimbari. Lakini jambo linalobomoa nyumba latuhusu sote.

Kwanza, tumtendee haki bibi, kwani hakulitunga neno lake. Katika Injili ya Yohana, sura ya 3, Yesu anamfundisha Nikodemo haja ya kuzaliwa kwa maji na kwa Roho. Kwa sababu hiyo Kanisa Katoliki hushika kwamba ubatizo ni wa lazima kwa waliohubiriwa Injili na walio na nafasi ya kuuomba. Tena, penye hatari ya kufa, mtu yeyote aweza kubatiza, hata asiye Mkristo, mradi amimine maji, ataje Utatu Mtakatifu, na akusudie litendalo Kanisa. Zamani walimu wengi, wakimfuata Augustino wa Hippo, walisema kwa ukali juu ya wachanga wasiobatizwa; baadaye wengine wakafundisha limbo, mahali pasipo mateso wala kumwona Mungu. Yamkini hayo ndiyo bibi aliyofundishwa utotoni.

Lakini Mikumi hapo hapo pana hospitali iitwayo Mtakatifu Kizito, na jina hilo lina jambo la kutufunza. Kizito alikuwa mtumishi kijana katika jumba la Kabaka Mwanga wa Buganda. Mwezi Mei 1886, huko Munyonyo, vijana Wakristo walipoona kifo kimekaribia, kiongozi wao Karoli Lwanga, ambaye hakuwa padre, aliwabatiza usiku wenzake waliokuwa bado wanafunzi wa dini. Kizito alikuwa mmoja wao. Mwenzao mwingine, Mukasa Kiriwawanvu, hakuwapo; alikuwa kifungoni. Huyo naye alichomwa moto Namugongo tarehe 3 Juni 1886, hajabatizwa kwa maji. Tarehe 18 Oktoba 1964 Papa Paulo wa Sita aliwatangaza mashahidi 22 kuwa watakatifu, Kizito na Mukasa wakiwa katika orodha moja. Kanisa husema Mukasa alibatizwa kwa damu yake.

Utasema: Mukasa aliamini, bali mtoto mchanga hakujua hata kutaka. Ni kweli. Ndiyo maana Katekisimu iliyotolewa mwaka 1992 yawakabidhi watoto hao kwa huruma ya Mungu, ikieleza kwamba Mungu aliyeufungamanisha wokovu na ubatizo hafungwi na sakramenti zake. Mwaka 2007, kwa idhini ya Papa Benedikto wa 16, Tume ya Kimataifa ya Teolojia ilitoa waraka ikisema pana sababu nzito za kutumaini kwamba watoto hao huokolewa. Hilo ni tumaini, halijawa hakika. Lakini limbo nayo haikuwahi kuwa sehemu ya lazima ya imani. Walutheri nao hufundisha kwamba kinachomhukumu mtu ni kuudharau ubatizo, si kuukosa. Wabaptisti na Wapentekoste wengi humbatiza aliyekwisha kuamini tu, hivyo kwao mchanga hadaiwi.

Basi jibu langu ni hili: amri ya ubatizo imewekwa juu yetu, haikuwekwa juu ya Mungu. Mwenye nafasi asiipuuze, na kila nyumba ya Kikatoliki ijifunze namna ya kubatiza wakati wa hatari. Lakini mama aliye katika uchungu, njiani, si wa kudaiwa kazi hiyo. Nawe, ndugu yangu uliyeniandikia, ulikuwamo garini. Mbona lawama ikamwangukia mkeo peke yake, nawe ukanyamaza? Mwendee mama yako kwa heshima, umwambie hayo. Kisha mwende wote watatu kaburini kwa mtoto, mkamwombe Mungu pamoja. Bibi naye amefiwa, na huenda ukali wake ni kilio alichokosa pa kukiweka.