Hundi ya Mnunuzi Asiyeonekana

Unyonyaji wa jasho la msanii haujakwisha. Umebadili sura tu. Tangu marehemu Edward Saidi Tingatinga alipoanza kuchora jijini Dar es Salaam mwaka 1968, mchoraji amezoea kupunjwa na mlanguzi anayesimama mbele yake. Laghai wa leo haonekani. Huandika kwa njia ya intaneti, huisifu picha bila kuitaja jina wala kipimo, na bei huikubali papo hapo. Mnunuzi wa kweli hupatana!

Kisha hutuma hundi iliyozidi bei, akiomba ziada ipelekwe haraka kwa msafirishaji wake. Msafirishaji huyo ndiye yeye. Hila hii imewaumiza wasanii wengi wa Marekani, ambako sheria huitaka benki impe mteja fedha katika siku chache, hata kama hundi haijathibitishwa. Majuma kadhaa baadaye hundi hugunduliwa kuwa ya bandia, na deni huwa la msanii.

Hapana budi mchoraji akatae malipo yoyote yanayozidi bei, amchague msafirishaji mwenyewe, na asiitoe picha mpaka benki ithibitishe kwamba hundi imelipwa kweli. Vyama vya ushirika, kama kile cha wachoraji wa Oyster Bay, vingefaa kuzikagua barua hizo pamoja na wanachama kabla hazijajibiwa.