Wawili na Biblia Moja
Mkutano wa Injili ukiisha tunahesabu mikono iliyonyooshwa. Miezi 6 baadaye hakuna anayehesabu waliobaki. Ndiyo maana sichoki na habari ya Septemba 1929, kilimani Namirembe, Kampala. Joe Church, daktari Mwingereza wa Gahini, Rwanda, alifika pale amechoka hoi, akakutana na Mkristo Mganda, Simeoni Nsibambi, wakakaa wawili wakipekua Biblia na kuomba. Hapakuwa na jukwaa wala vipaza sauti. Uamsho uliokuja kuvuka Rwanda na Uganda hadi Kenya na Tanganyika ulichota mengi kwenye kikao kile. (Wapo watakaosema ni Roho, si mbinu; sibishi.) Vikao vya namna hiyo vipo hata leo: mtaani kwetu yuko mama muuza maandazi ambaye kila Jumanne jioni, akishasugua karai, huketi na binti aliyebatizwa juzijuzi. Biblia yake ina madoa ya mafuta kuanzia Mathayo hadi Warumi. Wiki iliyopita binti akamwambia, “Mama, nimegombana na mume wangu, leo sisomi.” “Basi kifunge kitabu, mwanangu, tuanzie hapo hapo.” Kwenye taarifa ya mwaka ya usharika, kazi ya mama huyu haina hata mstari.