Joto Nalo Lihesabiwe



Hazina ya takwimu za maafa iitwayo EM-DAT, inayotunzwa Ubelgiji, ilikuwa na mawimbi mawili tu ya joto kwa Afrika yote ya kusini mwa Sahara tangu karne ya 20 ianze, na vifo 71. Luke Harrington na Friederike Otto waliitoa hesabu hiyo mwaka 2020 katika jarida la Nature Climate Change, wakaiweka kando ya hesabu ya Ulaya: mawimbi 83 katika miaka 40, vifo zaidi ya 140,000. Mtu wa Katoto, hapa kwetu mkoani Haut-Lomami, Kongo, aliyewahi kusukuma baiskeli ya makala (mkaa) mchana wa Septemba hahitaji shahada ili ajue kwamba hesabu ya kwanza haisemi kweli. Watu wetu wanaumizwa na joto, na wapo wanaokufa kwalo. Kinachokosekana ni maandishi, na maandishi hayo huanzia kwenye rejista ya kituo cha afya, au hufia hapo hapo.

Toleo hili tumelitenga kwa kazi hiyo ya kuandika. Muuguzi akimaliza kumpima mgonjwa anaandika nini, kwenye safu gani, na maneno yake yanageuzwaje kuwa msimbo unaofika Kinshasa na Geneva? Tumechagua magonjwa ya joto na magonjwa ya ngozi kwa sababu ni rahisi sana kupotea njiani. Ya kwanza humezwa na malaria. Ya pili huishia kwenye mstari wa "mengineyo".

Tuchukue mgonjwa wa aina ambayo muuguzi yeyote wa Haut-Lomami ataitambua. Kijana amebeba magunia ya makala tangu alfajiri, mvua bado haijashika, jua limepanda. Saa nane mchana anaanguka njiani. Analetwa akisema maneno yasiyoeleweka, na ngozi yake inaunguza mkono unaoigusa. Muuguzi anamchoma kidole, anatia tone la damu kwenye kipimo cha haraka, mistari miwili inatokea. Anaandika malaria kali, anaanza dawa, anatafuta pikipiki ya kumfikisha hospitali kuu. Kila hatua ni ya mtu aliyesoma na anayefuata mwongozo. Lakini katika nchi yenye malaria nyingi kama yetu, watu wazima wengi wanatembea na vimelea damuni bila kuugua, na kipimo cha haraka huweza kubaki chanya kwa wiki kadhaa baada ya mtu kupona. Mistari ile miwili haijasema kwamba joto halikuhusika. Mtu aliyetoka kwenye kazi nzito juani, mwili umepita nyuzi 40 na akili imevurugika, tumhesabu kuwa ana kiharusi cha joto mpaka ionekane vinginevyo. Msaada wake wa kwanza ni maji: avuliwe nguo, amwagiwe maji mwili mzima, apepewe bila kupumzika, hapo hapo kituoni, kabla pikipiki haijaondoka. Parasetamoli haimsaidii, kwa kuwa joto hilo halikuagizwa na ubongo kama homa ya maambukizi. Malaria nayo itibiwe. Tiba moja haizuii nyingine, na hakuna sheria inayokataza kuandika magonjwa mawili kwenye mstari mmoja wa rejista.

Sasa tufuate karatasi. Mwisho wa mwezi mstari wa malaria unaongezeka mtu mmoja. Ripoti inapanda hadi ofisi ya zoni ya afya, inaingizwa kwenye programu ya DHIS2, inakuwa sehemu ya mfumo wa taarifa za afya wa taifa, SNIS. Huko juu hakuna atakayejua kwamba hapa Kamina kulikuwa na mtu aliyeangushwa na jua. Mwaka unaofuata zitapangwa dawa za malaria, na ni haki zipangwe. Hakuna atakayepanga ndoo, matangi ya maji, kivuli cha kungojea, wala mafunzo ya kupoza mgonjwa, kwa sababu hakuna aliyeandikwa kuwa ameugua kwa joto.

Lipo jambo dogo linalonisumbua kuliko mengi: safu ya joto la mwili. Nimefungua rejista ambamo safu hiyo imeandikwa "homa", bila namba. Homa ya 38 na homa ya 41 zimekaa pamoja kwa neno lile lile. Hata pale penye namba, kipimo kimewekwa kwapani, na kwapa la mtu aliyeloa jasho husoma chini kuliko joto lililo ndani ya mwili. Anayeshuku kiharusi cha joto anapaswa kupima kwa njia ya haja kubwa, kwa stara na kwa kifaa kilichotengwa kwa kazi hiyo. Bila namba ya kuaminika, mtaalamu wa misimbo wa nchi yoyote atabaki kubahatisha.

Upande wa ngozi mambo ni mengi zaidi, na humo watoto ndio wanaoumia. Mama analeta mtoto wa wiki sita, Oktoba, amevikwa kofia ya sufu na kufungwa blanketi, shingo na makwapa yamejaa vipele vidogo vyekundu. Hiyo ni harara: mirija ya jasho imeziba, jasho limekosa pa kutokea. Mtoto apunguzwe nguo, aogeshwe kwa maji ya kawaida, akaushwe, asipakwe mafuta mazito, na siku chache zitatosha. Lakini muuguzi mwenye haraka ataandika "upele", na upele kwa dawa za kituo ni benzoati ya benzili, dawa ya kuua wadudu wa ngozi, inayowasha hata ngozi nzima ya mtu mzima. Mtoto analia usiku kucha kwa dawa ya ugonjwa asiokuwa nao. Au ataandika neno moja la Kifaransa, "dermatose", ambalo linabeba harara, mapunye, upele wa wadudu, majipu na ukoma bila kubagua.

Ukoma nimeutaja makusudi. Baka lililopauka begani kwa mkulima huandikwa fangasi, anapewa krimu, anarudi baada ya miezi na krimu nyingine. Kipande cha pamba kilichosokotwa ncha na kuguswa juu ya baka, mgonjwa akiwa amefumba macho, kingemwambia muuguzi kama pale pana hisia au la. Kipimo hicho hakigharimu kitu. Ila kama fomu haitofautishi baka lenye hisia na baka lisilo na hisia, kwa nini mtu mwenye foleni ndefu mlangoni atafute pamba?

Wapo watakaosema tatizo limeshatatuliwa, kwa kuwa dunia ina Ainisho la Kimataifa la Magonjwa. Ni kweli, na ni kazi ya kuheshimiwa. Jacques Bertillon, mkuu wa takwimu wa jiji la Paris, aliwasilisha orodha yake ya sababu za vifo huko Chicago mwaka 1893. Shirika la Afya Duniani likaipokea kazi hiyo mwaka 1948, na toleo la 11 limeanza kutumika rasmi tarehe 1 Januari 2022, likiwa na misimbo 17,000 hivi. Katika toleo la 10, ambalo nchi nyingi bado zinalitumia, kiharusi cha joto ni T67.0, kuzimia kwa joto ni T67.1, mkakamao wa misuli kwa joto ni T67.2. Harara ni L74.0. Kuungua na jua ni L55. Joto la asili likiwa ndilo lililosababisha madhara, huongezwa X30.

Angalia herufi hizo zilivyotawanyika. T imo kwenye sura ya majeraha na sumu, L kwenye sura ya ngozi, X kwenye sura ya visababishi vya nje. Joto lile lile lililomwangusha baba na kumtoa mtoto vipele limegawanywa katika sura tatu za kitabu. Ngozi nayo vivyo hivyo: mapunye ni B35, upele wa wadudu ni B86, ukoma ni A30, yote katika sura ya maambukizi. Anayejumlisha sura ya L peke yake, akidhani amehesabu magonjwa ya ngozi ya Kamina, ameacha nje sehemu kubwa ya kinachowasumbua watu wa Kamina. Orodha ilipangwa na wataalamu kwa mantiki ya chanzo na kiungo. Maswali yetu yanakuja kwa mantiki ya msimu na kazi. Ni lazima mtu akae katikati aziunganishe.

Majirani wamejaribu kwa njia zao. Fomu za MTUHA, mfumo wa taarifa za afya wa Tanzania, zimetenga maambukizi ya ngozi ya fangasi na yasiyo ya fangasi. Ni mistari michache tu, lakini inatosha kumwambia mganga mkuu kama anahitaji krimu ya fangasi au dawa nyingine. Na Moshi, katika hospitali ya KCMC, kipo tangu mwaka 1992 kituo cha kanda cha kufundisha magonjwa ya ngozi, kinachowafundisha waganga wasaidizi kutoka nchi nyingi za Afrika. Hapo hapo Moshi hutengenezwa mafuta ya kuwakinga watu wenye ualbino na jua, kwa maana kwao jua ni saratani ya ngozi inayokuja kabla ya uzee. Kwetu mtu mwenye ualbino mwenye kidonda kisichopona sikioni anaweza kuandikwa "kidonda" kwa mwaka mzima.

Ufaransa ilijifunza kwa msiba. Agosti 2003 joto liliua watu wapatao 15,000 nchini humo. Mwaka uliofuata uliundwa mtandao wa kukusanya kila siku misimbo ya wagonjwa wa dharura hospitalini, na leo wimbi la joto linapoingia, wasimamizi wanaangalia kwa pamoja waliopanda joto la mwili, walioishiwa maji na walioishiwa chumvi damuni. Wamekubali kwamba joto huja kwa sura kadhaa, wakazihesabu zote. Hilo hatuhitaji mitambo yao kulifanya.

Na hatuhitaji kwenda Ulaya kuona rejista inavyookoa. Septemba 1970, hapa Kongo, katika hospitali ya Basankusu, Équateur, alilazwa mtoto wa kiume wa miezi tisa mwenye vipele vilivyofanana na ndui. Dunia wakati huo ilikuwa inaisaka ndui ili iitokomeze, hivyo kila kipele cha namna hiyo kiliulizwa swali, na sampuli yake ikasafirishwa hadi Moscow. Ndivyo binadamu wa kwanza mwenye ugonjwa tunaouita leo mpox alivyojulikana. Mtoto yule alipona vipele, kisha akafa kwa surua. Kama angeandikwa "ugonjwa wa ngozi" na kupakwa dawa, tungengoja miaka mingine. Tarehe 14 Agosti 2024, Shirika la Afya Duniani lilipotangaza mpox kuwa dharura ya kimataifa, Kongo ikiwa kitovu, wauguzi walikuwa bado wanahangaika kuitenganisha na tetekuwanga.

Msimamo wa jarida hili ni huu, na najua una wapinzani. Muuguzi wa kituo cha afya asitwishwe misimbo. Ana ordinogramu (chati ya hatua za kumhudumia mgonjwa) ukutani, chanjo, wajawazito, na ripoti za wiki. Anachodaiwa ni maneno kamili: joto la mwili kwa namba, kazi aliyokuwa akiifanya mgonjwa alipoanza kuugua, mahali vipele vilipo, na kama baka lina hisia. Kugeuza maneno hayo kuwa T67 au L74 kufanywe katika ofisi ya zoni, na mtu aliyefundishwa na aliye na muda, kisha arudishe majibu kituoni ili muuguzi aone kazi yake ilikofika. Ripoti ambayo hairudi chini huacha kuandikwa vizuri. Hilo nimeliona mara nyingi.

Wapinzani wanasema mistari mipya itajazwa kwa kubuni, hasa pale fedha zinapofuata idadi ya wagonjwa. Hofu hiyo ina msingi. Ndiyo maana tunataka mstari wa joto usilipiwe chochote, na zoni iwe inachomoa mistari michache kila mwezi na kuilinganisha na dawa zilizotolewa. Lakini kuacha safu tupu ili isidanganye hakuleti ukweli. Mwezi Mei 2025 Mkutano Mkuu wa Afya Duniani ulipitisha azimio la kuyafanya magonjwa ya ngozi kuwa kipaumbele cha dunia. Fedha zikija, zitagawanywa kwa takwimu, na mkoa usio na takwimu utangoja nyuma ya wengine.

Fomu mpya kutoka Kinshasa zitachukua muda. Rejista ya sasa, hata hivyo, ina ukingo mpana upande wa kulia, na kalamu na rula zipo katika kila kituo. Tunawaomba wauguzi wakuu wa Katoto na wa zoni zote za Haut-Lomami, hadi kwa wavuvi wa bonde la Upemba ambako joto na unyevu ni vikali kuliko huku juu, wapige mistari miwili pale kabla ya Septemba: mmoja wa joto la mwili kwa namba, mmoja wa kazi na mahali mgonjwa alipotoka. Desemba watutumie jumla tu, bila jina la mgonjwa yeyote. Tutazichapa kando ya hesabu za malaria za miezi hiyo hiyo, zoni kwa zoni, tuone ni wangapi walikuwa na nyuzi 40 na zaidi, kipimo cha malaria hasi, na walitoka juani.