Chupa moja, magonjwa yote: kuhusu kansa tusidanganyane

Katika soko la Kenya, hapa Lubumbashi, chupa moja ya maji ya mizizi huuzwa kwa magonjwa mengi: tumbo, sukari, presha, nguvu za kiume. Siku hizi wauzaji wanaongeza na kansa. Madaktari wakisikia hayo hucheka. Naona wanakosea kucheka, kwani sehemu ya maneno ya muuzaji ni ya kweli, na hiyo ndiyo inayofanya uongo wake uaminike.

Tazama lile ua dogo la petali tano, jeupe au la waridi, ambalo watu hupanda mbele ya nyumba, ndani ya parseli. Kwa Kifaransa ni pervenche de Madagascar. Katika nchi nyingi wazee walichemsha majani yake kwa ugonjwa wa sukari. Huko Kanada, katika miaka ya 1950, Robert Noble na Charles Beer waliyachunguza kwa ajili ya sukari hiyohiyo, wakakuta yanapunguza chembe nyeupe za damu. Humo walitoa dawa ya vinblastini. Baadaye Marekani wakatoa vinkristini. Mpaka leo dawa hizo zinatibu kansa ya damu ya watoto na kansa za tezi.

Jirani zetu wa Uganda wanaijua vinkristini vizuri. Ni Kampala ambako daktari Denis Burkitt alieleza, mwaka 1958, kansa inayovimbisha taya la mtoto, ambayo leo ina jina lake. Inakua haraka mno, uvimbe unaweza kuongezeka mara mbili kwa siku chache. Lakini inasikia dawa kuliko kansa nyingi, na watoto wengi wanaofikishwa mapema wanapona.

Kumbe mmea unatibu! Ndiyo, ila tupige hesabu. Kupata gramu 1 ya vinblastini kunahitaji karibu kilo 500 za majani makavu. Dozi moja ya vinkristini kwa kawaida haipiti miligramu 2, tena inaingizwa ndani ya mshipa wa damu. Ikiingizwa kwa makosa katika uti wa mgongo, inaua. Anayechemsha majani nyumbani hajui ameweka nini ndani ya kikombe, na mmea huo una sumu. Manjano nayo ina kitu kinachotuliza uvimbe katika maabara, lakini tukiila, ni kidogo sana kinachofika katika damu. Ibaki ndani ya sufuria, inapendeza.

Kinachoniudhi ni miezi inayopotea. Mama ana uvimbe wa titi mdogo kama punje ya maharagwe. Anakunywa chupa ya kwanza, ya pili, ya tano, na anapofika hospitali tayari ni kidonda. Nisimlaumu haraka. Chupa ni bei ndogo, na muuzaji anamsikiliza. Wenye uwezo wanavuka Kasumbalesa kwenda Lusaka, ambako hospitali ya kansa inafanya kazi tangu mwaka 2007. Wengine wanabaki na chupa.

Wakubwa wa jimbo la Haut-Katanga wakataze neno kansa katika matangazo ya dawa za kienyeji, sokoni na redioni. Waganga wa kienyeji wafundishwe alama chache (taya la mtoto linalovimba, titi lenye uvimbe, damu isiyo ya kawaida kwa mwanamke) ili wamtume mgonjwa hospitali siku hiyohiyo. Watafiti wa UNILU, ambao wameandika mimea mingi ya waganga wa mji huu, wapewe vyombo na feza za kuichunguza. Si ndoto: Bukavu, kiwanda cha Pharmakina kimetoa kinini katika magome ya miti ya Kivu.

Na vinkristini ipatikane hapa mjini, kwa bei ambayo mama wa Katuba anaweza kulipa. La sivyo, tunamwambia aache chupa huku hatumpi kitu kingine mkononi.