SPRINGI ILIYOBANWA NI MTEGO, TUSICHEZE NAYO

Natoa maoni yangu juu ya jambo ambalo wengi wetu tunaliona dogo, kumbe linatuachia vilema. Jambo lenyewe ni hii tabia ya kufungua na kutengeneza springi za magari na mashine majumbani, chini ya miti na kandokando ya barabara, bila ujuzi wala vifaa.

Zamani chuma cha kuogopwa hapa kijijini kilikuwa shoka na plau. Siku hizi mambo ni mengine. Kila kitongoji kina pikipiki. Malori yanakuja kuchukua mahindi na mifugo. Kuna matrekta, kuna jenereta za kuwasha kwa kuvuta kamba, na mijini kuna maduka yenye milango ya chuma inayokunjwa juu. Vyote hivyo vina springi ndani yake, na springi zote hatimaye huchoka na kukatika. Ikikatika, mwenye mali hutafuta kijana, nyundo na kipande cha bomba, kazi ikaanza.

Ndugu Mhariri, nisaidie kuwakumbusha wasomaji wako springi ni kitu gani. Mwanasayansi wa Uingereza, Robert Hooke, aliandika mwaka 1678 kwamba springi hujibu kwa nguvu inayolingana na kadiri ilivyovutwa. Kutokana na kanuni hiyo, ukiibana springi mara mbili ya ulivyoibana kwanza, nishati inayokaa ndani yake huwa mara nne. Nishati hiyo haionekani kwa macho. Moto una moshi na wembe una makali, lakini springi iliyobanwa hukaa kimya kabisa mpaka dakika ile nati ya mwisho inapoachia. Ni kama mtego uliotegwa, tena mtu mwenyewe ndiye anayeuinamia.

Wenzetu wa nchi zilizotangulia katika mashine wanalijua hili. Kule Marekani nyumba nyingi zina banda la gari lenye mlango mzito unaonyanyuka juu, na uzito wa mlango huo hubebwa na springi. Springi za kawaida za milango hiyo hukadiriwa kufunguka na kufunga kama mara 10,000. Ukifungua mlango mara nne kwa siku, hiyo ni miaka isiyofika saba. Ikikatika, mwenye nyumba huonywa asiiguse, aite fundi aliyefunzwa, kwa sababu watu wamevunjwa vidole na kupasuliwa nyuso. Ikiwa mtu mwenye vifaa na simu ya kumwita fundi anaonywa hivyo, sisi tunaotumia bomba na nyundo tuna haki gani ya kujiamini?

Hapa kwetu hatari kubwa kuliko zote ni chemba za breki za malori, yale makopo ya chuma yaliyo karibu na magurudumu ya nyuma. Ndani ya kopo la breki ya kuegeshea mna springi nene. Upepo ukiwepo, springi hubanwa na gari hutembea; upepo ukiisha, springi husukuma na gari hushika breki. Nguvu ya springi hiyo inaweza kupita uzito wa kilo 500, yaani zaidi ya magunia matano ya mahindi. Kabla ya kufungua kopo hilo ni lazima springi ifungwe kwanza kwa bolti yake maalumu. Asiyefanya hivyo, kifuniko humrukia kama risasi.

Kijana mmoja niliyemfundisha mpaka darasa la saba alikuwa akijifunza ufundi kwa kushikia watu spana. Lori liliharibika njiani siku ya mnada, dereva akiwa na haraka ya kuwahi mzigo. Kijana akaambiwa afungue kopo, naye akafungua. Hakufa, tunashukuru, lakini mkono wa kulia haukunji tena. Darasani alikuwa na mwandiko mzuri kuliko wenzake wote. Lori lilitengenezwa na mtu mwingine siku ile ile, likaondoka na mzigo wake. Kijana alibaki kwao na mkono wake.

Swali langu ni hili: nani alaumiwe? Wengine watasema kijana mwenyewe, kwa kushika asichokijua. Mimi sikubaliani nao. Kijana wa miaka kumi na saba aliyeagizwa na mtu mzima mwenye gari hawezi kujibu kwamba kazi hii siijui, maana kesho hataitwa tena. Anayejua faida ya lori ndiye anayepaswa kujua na hatari yake. Nchi yetu ina Sheria ya Usalama na Afya Mahali pa Kazi ya mwaka 2003, na ina Sheria ya Fidia kwa Wafanyakazi ya mwaka 2008. Lakini kijana anayelipwa soda na mia chache, asiye na karatasi yoyote mkononi, ataanzia wapi kudai?

Najua nitaambiwa kwamba sisi ni maskini, na kumsafirisha fundi kutoka Katesh ni gharama. Ni kweli. Lakini tupige hesabu yote, tusiishie nusu. Hospitali kubwa ziko Katesh na Haydom, na wakati wa masika njia zetu tunazijua wenyewe. Nauli ya mgonjwa, nauli ya anayemsindikiza, siku za kulazwa, na shamba lililokosa mtu wa kulima, vyote hivyo vikijumlishwa, fundi wa Katesh anakuwa rahisi.

Wala sisemi kwamba mafundi wetu hawafai. Wapo wazee walioshika spana mara ya kwanza katika mashamba ya ngano ya NAFCO huku Hanang, yaliyoanzishwa kwa msaada wa Kanada, ambayo baadaye yalitoka mikononi mwa shirika hilo. Wapo pia wahunzi wanaochukua springi bapa ya lori iliyokatika wakafua visu na mapanga ya kudumu. Hiyo springi ikishatolewa garini haina hatari tena, ni chuma kizuri tu. Hatari iko katika kuitoa. Ujuzi huo wa wazee hautufikii kwa sababu kijana hufundishwa kwa kutazama, na anayetazama huona mkono unavyofanya, haoni sababu.

Kwa hiyo napendekeza mambo yafuatayo.

Kwanza, wenye magari na mashine wasimruhusu mtu yeyote kufungua chemba ya breki, shokapu au mlango wa springi bila kifaa cha kuibana springi. Kama kifaa hakipo, chombo kisubiri. Na dereva anayefunga springi iliyokatika kwa mipira ya tyubu ili afike safari ajue anacheza na roho za abiria.

Pili, VETA, ambayo ina utaratibu wa kutambua ujuzi wa mafundi waliojifunzia mitaani, ishirikiane na halmashauri kuwafuata mafundi hawa huku minadani. Siku moja ya mafunzo chini ya mti, kwa kuonyeshwa kopo lenyewe na bolti yake, itaokoa mikono mingi kuliko semina ya mjini.

Tatu, sisi walimu. Miaka ya 1970 vilifunguliwa vituo vya ufundi kwenye baadhi ya shule za msingi, na vijana walijifunza useremala, uashi na uhunzi. Mtaala mpya ulioanza kutumika Januari 2024 umerudisha mkazo kwenye amali. Ni jambo zuri, lakini amali bila vifaa ni hadithi. Tupatiwe angalau sanduku moja la vifaa kwa kila shule. Wakati tukisubiri, mwalimu anaweza kutumia springi ya kalamu kuwaonyesha watoto kitu kilichobanwa kinavyoruka, kisha awaulize: hii ingekuwa nene kama kidole gumba, ingekuwaje?

Mwisho nawaomba vijana wenzetu wanaojifunza ufundi wasione haya kuuliza. Wahenga walisema kuuliza si ujinga. Fundi atakayekasirika kwa sababu umeuliza springi hii imefungwa na nini, huyo hafai kukufundisha. Mwache aifungue mwenyewe, nawe usimame mbali.



Mwalimu wa Shule ya Msingi,
Balangdalalu,
Hanang.