Filme nayo ipimwe mbele ya kulipa

Batumishi ba mine banajua: gunia ya mawe hailipiwe paka uzito, banapima kwanza mukuba yenye iko ndani. Juu ya nini basi, hapa Makomeno, tunawekesha filme mu kle ya USB bila kuuliza kitu? Jina ni moja, lakini kopi hazifanane. Ingine iliibiwa na kamera mu sale ya sinema. Ingine iko na mistari 720. Ingine 1080, njo kusema nukta zaidi ya mara mbili. Mu 2017, Apple ilipatia bale baliuza filme nyingi za HD kopi ya 4K bila kuongeza feza. Benye kuuzisha, museme mbele ni kopi gani. Yenye kuwa safi ikifika, mubadilishe, musilipishe tena. Na siye benye kuuza, tuombe kuona dakika mbili mbele ya kutosha feza.